Choo cha soko juu ya mawe ya volkano, Goma: tuchimbe au tuinue?

Mkaaji_Karisimbi
Wakubwa, salamu. Soko letu hapa komini (serikali ya sehemu ya mji) ya Karisimbi lina meza kama 400. Komini imetupa kiwanja cha mita 12 kwa 8, chote ni lava ngumu. Mjenzi anataka kutoboa shimo la mita 3 kwa kompresa, aweke milango 8, yaani vyumba 8 vya choo, juu. Choo cha zamani kilijaa ndani ya miezi miwili na kimefungwa mpaka leo, ndiyo maana ninaogopa. Shimo hilo linafaa? Milango 8 inatosha? Halafu nani aweke saini: kamati ya soko, shefu wa katiye (mtaa) au komini?

Fundi_Mawe
Ndugu, msichimbe mita 3. Kwanza pesa: kompresa itawamalizia bajeti kabla ya tofali la kwanza. Pili, lava ya Goma imejaa nyufa. Maji machafu hayachujwi mle kama kwenye udongo, yanateremka moja kwa moja kuelekea ziwa Kivu, na mji huu unakunywa maji ya ziwa. Kipindupindu tunakijua. Tatu ni mazuku, yaani kaboni dioksidi inayotoka ardhini. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, inalala mahali pa chini, haina rangi, na mfanyakazi anaweza kuanguka shimoni bila hata kupiga kelele. Msitegemee mshumaa kupima: mtu anaweza kulegea moto ukiwa bado unawaka.

Inueni. Vunjeni sentimita 40 tu za juu ili msingi ushike, kisha jengeni chemba ya mawe na simenti, ndani urefu mita 8.4, upana mita 1, kina cha maji mita 1.2. Hapo mnapata mita za ujazo 10.

Sasa sikilizeni hesabu, maana hapa ndipo vyoo vingi vya masoko vinakufa. Tuseme watu 600 kwa siku. Kila mmoja akiacha mkojo wa theluthi ya litri au pungufu kidogo, ni litri 180. Ongeza bidoni (madumu) tatu za maji ya kusafishia na kinyesi, unafika karibu litri 270 kwa siku. Chemba isiyovuja ya mita za ujazo 10 inajaa siku ya 37! Kikijaa chenu kwa miezi miwili, sishangai hata kidogo. Kinachojaza ni maji.

Kwa hiyo maji yapewe njia ya kutoka. Gaweni chemba kwa ukuta, theluthi mbili upande wa kwanza, theluthi moja upande wa pili. Mwishoni wekeni tiyo (bomba) ya umbo la T, mguu wake uzame sentimita 30 ndani ya maji ili povu na uchafu unaoelea visitoke. Kwa kuwa chemba imeinuliwa, maji yanashuka yenyewe hadi kwenye kitanda cha kuchuja: mchanga uliooshwa sentimita 60, chini yake pouzolane (kokoto nyepesi za volkano), kando na chini karatasi nzito ya plastiki, na tiyo yenye matundu ya kutolea. Kwa litri 270, kitanda cha mita mraba 7 kinabeba. Jengeni viwili vya ukubwa huo, kimoja kifanye kazi kingine kipumzike. Maji yakitoka pale yamepungua uchafu sana, lakini vidudu bado vipo. Yasifike mahali pa kuoga wala pa kuchota. Mkifuata hivi, vidanje (lori kuja kunyonya uchafu) itakuwa mara moja au mbili kwa mwaka.

Sahani ya juu: beto (zege) ya unene sentimita 10, simenti moja, mchanga mbili, changarawe nne, vyuma vya milimita 10 kila sentimita 15, pande zote mbili. Ni kama mita 1.2 za ujazo, yaani mifuko 8 ya kilo 50. Changarawe iwe ya lava nzito iliyopondwa. Ile nyepesi yenye matundu inanyonya maji ya beto na haina nguvu. Mwagieni maji siku 7, msitoe mbao kabla ya siku 14. Na juu ya kuta za chemba mzungushie shenaje (mkanda wa beto yenye vyuma), ardhi yetu inatikisika na ufa mmoja unatosha kuanza kuvuja.

Mama_Katiye
Kwa milango 8: kwa dharura, kanuni za misaada zinakubali choo kimoja kwa meza 50, ndiyo hiyo 8 yenu. Kwa soko la kudumu ni kimoja kwa meza 20, maana yake 20. Kiwanja hakitoshi, basi ombeni sehemu ya pili mapema. Kwa sasa 6 wapewe wanawake, 2 wanaume na ukuta wa kukojolea. Kila mlango wa wanawake uwe na ndoo yenye kifuniko, la sivyo vitambaa vya hedhi vitatupwa chemba na kuziba mpira wa lori la vidanje.

Chemba hiyo inaacha sakafu juu mita 1.2, ngazi saba. Mtu wa kiti cha magurudumu anapanda mita 1 kwa kila mita 12, kwa hiyo njia yake ya mteremko ni mita 14.4. Ikunjeni iwe mikono miwili kando ya ukuta, mita 7.2 kila mkono, na mapumziko ya mita 1.5 kati. Mlango wake sentimita 90. Ikisahauliwa kwenye mchoro, haitajengwa kamwe.

Mvua ya paa ni nzuri kwa kusafisha sakafu tu. Ikishuka na moshi wa volkano ya Nyiragongo ina asidi, na mabati mepesi yanatoboka upesi. Msiinywe.

Mkaaji_Karisimbi
Asante sana, mama, asante fundi. Lori litafika vipi? Barabara iko mita 45 kutoka kiwanjani.

Fundi_Mawe
Mita 45 ni mbali. Mpira wa kawaida unafanya kazi vizuri hadi mita 30 hivi, na matope mazito hayapandi mita nyingi. Jaribuni kusogeza chemba upande wa barabara, au komini ifungue njia ya lori. Kifuniko cha ukaguzi kiwe kwenye kila sehemu ya chemba, sentimita 60 kwa 60, nje ya vyumba. Nisije nikasahau: tiyo ya hewa ya milimita 110 angalau, nusu mita juu ya paa, wavu mdogo juu, na ndani pawe giza ili inzi wafuate mwanga wa tiyo wakwame hapo.

Kadutu_Juu (Bukavu)
Saini ni ya komini. Kwa sheria ya Kongo 08/016 ya tarehe 7 Oktoba 2008, komini ni chombo chenye utu wa kisheria, yaani kinaweza kumiliki mali na kuingia mkataba kwa jina lake. Katiye siyo, na kamati ya soko pia haina uwezo wa kumiliki kiwanja cha umma. Hati ya ardhi iandikwe kwa komini, mkataba ubebe sahihi ya mkuu wa komini, kamati ipewe barua ya usimamizi.

Msipokee kazi kabla ya jaribio la maji. Jazeni chemba, acheni saa 24 kuta zinywe, chora alama, subiri saa nyingine 24. Maji yakishuka zaidi ya sentimita 1, fundi arudi apake upya. Bakisheni asilimia 5 au 10 ya malipo hadi mvua zote mbili zipite, za Septemba na za Machi.

Na pesa ya vidanje iwe na daftari lake. Ulizeni bei ya safari moja leo, gawanyeni kwa siku 180, kiasi hicho kitolewe kila jioni kabla ya mshahara wa mlinzi.