Tupeane uzoefu: gari lilikuchemshia, ukafanya nini?

MkonoWaKushoto
Wakuu, habari za jioni. Naandika kwa mkono wa kushoto, herufi zikipishana mnivumilie. Wa kulia una bandeji kuanzia vidoleni mpaka karibu na kiwiko.

Ilikuwa hivi. Napanda mlima mrefu, kiyoyozi kinapuliza, tuko watu wanne ndani. Mshale wa temperecha umepita katikati, nikasema acha nimalize mlima ndiyo nipumzike. Mshale ukafika juu kabla yangu. Nikaegesha, nikafungua boneti. Hakukuwa na moshi wala kelele, mvuke kidogo tu pembeni. Nikangoja kama dakika tano, nikakunja kitambaa mara mbili, nikashika kifuniko cha rejeta (ile ya mbele inayopoza maji ya injini) na kukizungusha robo. Kikatoa "tsss". Nikangoja. Sauti ikapungua, nikajua basi, yameisha. Nikakandamiza na kumalizia kuzungusha.

Niliona nguzo ya maji inapaa hadi kwenye boneti. Kifuniko tulikiokota dakika kumi baadaye. Uso ulinusurika kwa sababu nilikuwa nimesimama upande, siyo kwa akili yangu, ni kwa bahati.

Basi tupeane uzoefu. Lawama nimeshajipa za kutosha, nataka visa vyenu na mlichojifunza.

FundiMstaafu
Pole sana kijana wangu. Ngoja nikueleze ile "tsss" ilikuwa inakwambia nini.

Watu wanadhani kile kifuniko ni kizibo kama cha chupa. Ni vali. Ndani yake kuna springi inayozuia maji mpaka presha ifike kiwango fulani, na kiwango hicho kimeandikwa juu yake; magari mengi ni kama bar 1.1. Faida yake ni kwamba maji yaliyobanwa hayachemki mapema. Maji matupu yakiwa wazi, usawa wa bahari, yanachemka kwa nyuzi 100. Mchanganyiko wa maji na kulanti (dawa ya kupozea injini) nusu kwa nusu unafika kama 107. Ukiubana kwa kifuniko kizima unaweza kuvuka 120 na bado ni kimiminika kilichotulia.

Sasa wewe una maji ya nyuzi 115 yametulia kwa sababu yamebanwa, unakuja na kitambaa unayafungulia. Sehemu yake inageuka mvuke kwa mpigo mmoja na kuyarusha mengine nje. Na maji yakigeuka mvuke yanahitaji nafasi zaidi ya mara 1,600. Nafasi hiyo yanaitafuta usoni kwako. Sauti ilipopungua hayakuwa yameisha, yalikuwa ndiyo kwanza yanaanza kuchemka.

Mimi siamini saa peke yake. Nusu saa ni kianzio tu. Baada ya hapo nasogeza mgongo wa kiganja karibu na mpira wa juu wa rejeta bila kugusa. Kama hauchomi, naubonyeza. Ukiwa mgumu umejaa presha, naachana nao, narudi kukaa. Ukiwa umelegea na umepoa kabisa ndipo naweka kitambaa kinene kwenye kifuniko, nakifungua robo, nangoja, uso wangu ukiwa mbali na boneti. Na nikiwa sina haraka, sikifungui kabisa siku hiyo.

DadaUsukani
Mzee ongeza na kopo la akiba. Kwenye gari langu rejeta haina kifuniko kabisa, kifuniko kiko kwenye kopo, na kopo lenyewe liko chini ya presha. Watu wanasema "aah, hili ni kopo la plastiki tu".

FundiMstaafu
Sahihi kabisa dada. Kama kifuniko cha kopo ni cha kuskrubu na kina alama ya onyo, kihesabu kama kifuniko cha rejeta.

MjaKwaMguu
Kwanza pole mkuu. Hapo hapo barabarani ulijipaka nini?

MkonoWaKushoto
Naona aibu kusema. Abiria mmoja alikuwa na dawa ya meno.

MjaKwaMguu
Ndiyo nilichokiogopa. Nafanya kazi kwenye chumba cha majeruhi, tunaanza kwa kuikwangua hiyo dawa ya meno kabla hata ya kuona kidonda, na mgonjwa anapiga kelele mara ya pili. Ukiungua: maji safi ya kawaida yanayotiririka, dakika 20, mfululizo. Siyo barafu, siyo mafuta, siyo asali, siyo yai. Vua saa na pete mapema kabla mkono haujavimba. Nguo iliyoganda kwenye ngozi iache. Funika kwa kitu safi kisichonata, nenda hospitali. Na tembea na dumu la maji kwenye buti, litakufaa wewe kabla ya gari.

SinaHaraka
Changu ni cha mshale kushuka, na ndiyo maana hadi leo siuamini.

Nilikuwa narudi kutoka safari, usiku, peke yangu. Mshale ukapanda karibu na alama nyekundu. Nikapunguza mwendo, nikazima kiyoyozi, na niliwahi kusikia kwamba ukiwasha hita kwa moto wote inasaidia kunyonya joto la injini, nikaiwasha. Nikashusha vioo. Dakika mbili tatu, mshale ukaanza kushuka. Ukashuka hadi katikati, ukapita katikati, ukalala chini kabisa kama gari limelala usiku kucha. Nikashukuru Mungu kwa sauti. Nikakanyaga mafuta.

Kitu kimoja kilinishangaza: hita ilikuwa inatoa hewa ya baridi. Nilikuwa natoka jasho, ghafla upepo wa baridi. Nikafurahi! Kilomita chache mbele injini ikaanza kugonga, ikazima, haikuwaka tena.

Fundi alikuja kunieleza kwamba mpira wa chini ulikuwa umepasuka na maji yote yamemwagika. Kile kijidude kinachopima joto kinatakiwa kizame ndani ya maji. Maji yakiisha kinabaki hewani, kinaripoti upuuzi. Na hita inapata joto lake kutoka kwenye maji hayo hayo, yakiisha inapuliza baridi. Kwa hiyo gari liliniambia mara mbili, nikasikia nilichotaka kusikia. Gasketi iliungua, silinda hedi (kile kifuniko cha chuma juu ya injini) ikapinda, ikabidi ifunguliwe yote na kusawazishwa.

Siku hizi mshale ukipanda nazima injini. Hita ni ya kukufikisha pembeni ya barabara tu, siyo nyumbani.

BabaWaWawili
Mimi nilimwagiwa msaada. Nimesimama gari linatoa mvuke, akaja jamaa mwema na ndoo ya maji baridi, kabla sijafungua mdomo ameshamwaga juu ya injini. Nilisikia "ka!" moja tu. Hedi ilipata ufa. Sikumlaumu, alidhani anazima moto.

ThemostatiNiYaNini
Nyie mnahangaika bure. Fundi wangu alitoa themostati akaitupa. Mwaka wa pili huu sijachemsha hata siku moja. Nchi za joto hazihitaji ule mdude.

FundiMstaafu
Hapa nitaandika kirefu, maana hili limenipa kazi nyingi zaidi ya ajali zote za barabarani.

Themostati ni mlango. Injini ikiwa ya baridi unafungwa, maji yanazunguka ndani ya injini tu ili ipate joto haraka. Ikifika nyuzi 82 au 88 hivi (namba imegongwa kwenye chuma chake, itafute) mlango unafunguka na maji yanakwenda kwenye rejeta. Jua la nje halihusiani. Ndani ya silinda mafuta yanaungua kwa joto la zaidi ya nyuzi 2,000. Tofauti ya asubuhi yenye baridi na mchana wa jua haimtishi mtu hapo.

Ukiitoa, injini inachelewa kupata joto lake. Kompyuta ya gari inadhani bado ni asubuhi, inaendelea kumwaga mafuta mengi. Mafuta mengine yanachuruzika hadi kwenye oili na kuifanya nyepesi, ringi za pistoni zinaisha. Hilo la kwanza. La pili ndilo watu hawalijui: kwenye injini nyingi ile themostati ikifunguka mbele, sahani yake ya nyuma inaziba njia ya mkato. Bila themostati njia ya mkato inabaki wazi muda wote, sehemu ya maji inarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Kwenye foleni hutaona kitu. Siku ukipanda mlima umebeba mzigo, linachemsha, na unabaki kujiuliza limechemshaje na themostati haipo.

Kama unaishuku, ifungue injini ikiwa baridi, itumbukize kwenye maji ndani ya sufuria ya zamani isiyopikiwa tena, weka jikoni pamoja na kipimajoto. Utaiona kwa macho inafunguka. Isipofunguka, nunua mpya yenye namba ile ile. Fundi anayetoa themostati ameondoa swali, hajatoa jibu.

ThemostatiNiYaNini
Mzee umenigusa. Gari linakunywa mafuta kweli siku hizi, nilidhani ni uzee wake. Na mshale hauvuki robo hata nikiendesha saa nzima.

RangiZote
Mimi nilichanganya. Kulanti ya kijani ilikuwa ndani, ikapungua, nikapata nyekundu, nikamimina. Nani aliniambia rangi ni rangi tu? Baada ya miezi kadhaa nilichungulia kwenye kopo nikakuta kitu cha kahawia kinanata kama gundi. Kusafisha rejeta ilikuwa siku nzima, mapito ya hita hayakusafishika kabisa.

Nilichokuja kujua ni kwamba rangi haina sheria moja. Kampuni mbili zinaweza kuwa na nyekundu zilizo tofauti kabisa ndani, na kijani cha huyu kikalingana na buluu ya yule. Kinachotakiwa ni maelezo ya kitabu cha gari, siyo jicho. Na maji ya bomba yana chokaa, inajijenga ndani kama ile ya kwenye birika. Sasa natumia maji yaliyoondolewa madini, yale wanayoongezea kwenye betri. Soma lebo lakini, nusura nibebe asidi ya betri, chupa zinafanana.

PakaMbwa
Naomba niandike jambo ambalo halijaguswa. Nilibadilisha kulanti mwenyewe nyumbani, nikawa makini na joto, glavu, kila kitu. Ya zamani niliikinga kwenye beseni, nikaingia ndani kupokea simu. Niliporudi mbwa alikuwa anailamba. Ile kitu ina utamu.

Jioni alikuwa anayumba kama mlevi, anatapika, anakunywa maji bila kikomo. Usiku akatulia, tukasema amepona. Ilikuwa figo zinakufa. Tulimpeleka kwa daktari wa mifugo siku ya pili, tulikuwa tumechelewa. Daktari alisema saa za mwanzo ndizo za kuokoa, na kwamba kule kutulia ndiko kunakodanganya watu. Kwa mtoto ni vile vile, sumu ni ile ile.

Msiweke iliyobaki kwenye chupa ya soda. Ikidondoka sakafuni suuza kwa maji mengi hadi iishe. Ya zamani ifunge kwenye dumu, andika jina lake kwa maandishi makubwa, ipeleke kwenye gereji inayokusanya. Kwenye mtaro au bustani hapana.

MkonoWaKushoto
Pole sana ndugu.

KidoleKimoja
Na mimi kwa kifupi: injini ilikuwa imezimwa, nimeegemea nachomoa majani karibu na feni. Feni ya umeme ikawaka yenyewe kwa sababu maji yalikuwa bado ya moto. Ncha ya kidole ilibaki huko. Kwenye magari mengi feni haiulizi kama ufunguo umezima. Siku hizi nachomoa waya wa betri kabla ya kuingiza mkono.

DadaUsukani
Swali kwa wazoefu. Nilimwaga kulanti nikajaza mpya, kopo likajaa hadi alama ya juu, asubuhi yake gari likachemsha. Nilikosea wapi?

FundiMstaafu
Hewa, dada. Hewa ilibaki imenasa juu, karibu na hedi, na hewa haibebi joto. Injini ikiwa baridi, inua pua ya gari kidogo kama una mahali pa mteremko, weka hita kwenye moto wa juu ili njia yake ifunguke, mimina taratibu. Kama kuna skrubu ya kutolea hewa ifungue hadi yatoke maji bila mapovu. Baada ya kuiendesha kidogo iache ilale usiku kucha, asubuhi ichungulie tena. Mara nyingi kiwango kimeshuka, unaongeza. Kama kinashuka kila siku na sakafuni hakuna tone, angalia kifuniko cha oili. Ukikuta maji meupe kama maziwa, usiiwashe tena.

MkonoWaKushoto
Nimerudi kutoka gereji. Feni nzima, themostati nzima, wota pampu haina tone. Fundi akaniambia njoo uone. Alipolegeza kondensa ya kiyoyozi (ile kama rejeta nyembamba iliyo mbele ya rejeta) na kuisogeza mbele, kati yake na rejeta kulikuwa na zulia. Majani makavu, manyoya, wadudu, vumbi lililoshikana kama blanketi. Kwa mbele huoni chochote, kondensa inaonekana inang'aa. Hewa haikuwa inapita. Ameosha kwa maji ya mpira ya kawaida, kutoka upande wa injini kwenda nje. Mashine ya presha alikataa, alisema inalaza yale mapezi membamba ya rejeta.

Kifuniko nacho amekikataa, mpira wake ulikuwa umepasuka kama kisigino. Nimenunua kingine chenye namba ile ile.

Mzee, swali la mwisho: dumu la kulanti nililopewa limeandikwa imeshachanganywa. Niongeze maji nusu kwa nusu au?

FundiMstaafu
Hata tone usiongeze. Na uijaze kesho asubuhi, siyo leo.