Nyumba ya baba Pangani: ndugu wanataka iuzwe haraka, nianzie wapi?

Mwanapangani
Wakuu, shikamooni wakubwa. Niko Nkuhungu, Dodoma, tangu 2017 ofisi yetu ilipohamishiwa huku. Kwetu ni Pangani. Baba alifariki miaka mitatu iliyopita, mama alishatangulia. Ameacha nyumba ya vyumba vinne. Ukivuka barabara tu unakanyaga mchanga wa pwani. Kuta ni za mawe na chokaa, nene, hata saa nane mchana ndani kuna ubaridi. Dari ni boriti za mikoko, mabati yameliwa na chumvi. Barazani ndipo baba alipokuwa akikaa baada ya alasiri akishona nyavu zake. Uani kuna minazi saba na kaburi la bibi.

Tuko watano, na wenzangu wanne wanataka tuuze. Sikatai, maana kutoka huku kwenye vumbi siwezi kuisimamia. Ila mnunuzi aliyeletwa na dalali anataka tusaini wiki ijayo mbele ya mwenyekiti wa mtaa, pesa taslimu. Nyumba iandikwe jina la huyo mnunuzi, wakati mwenye pesa ni mgeni kutoka Ulaya. Hati bado ina jina la baba, mirathi hatujafungua, na habari ya kaburi hajaigusa kabisa. Usingizi sipati.

Mzee wa Ipagala
Marahaba binti yangu. Msisaini. Mwenyekiti wa mtaa hahamishi hati. Kaeni kikao cha ukoo, andikeni muhtasari, mteueni msimamizi, kisha aende Mahakama ya Mwanzo na cheti cha kifo. Tangazo litabandikwa, pasipo pingamizi atapewa barua ya usimamizi, Fomu Na. 4. Huyo ndiye mwenye mamlaka ya kuuza, na atarudisha hesabu mahakamani. Sisi tuliuza shamba la zabibu Hombolo bila hatua hiyo. Mdogo wetu wa mwisho akapinga, kesi ikatula miaka minne na undugu haujapona mpaka leo.

Jirani wa Kisasa
Dada, hapo kwa mgeni muwe macho. Sheria ya Ardhi ya 1999 hairuhusu asiye raia kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Kuazimana jina ni kujitafutia kesi. Jingine, Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Akitaka kubomoa ajenge hoteli, akikwama atawarudia nyinyi. Bei nayo msiipokee kwa dalali: barabara ya Tanga–Pangani–Bagamoyo inajengwa, na daraja la kwenda Bweni, ng'ambo ya mto, pia. Tafuteni mthamini aliyesajiliwa.

Mama Tongoni
Mwanangu, sisi kaburi la babu tulilipimia kipande chake, tukaandika kwenye mkataba kwamba hakiuzwi na njia ya kufika isizibwe. Mnunuzi wa kwanza akaondoka. Wa pili akakubali, na kila Idi tunaingia kusoma dua bila kuomba ruhusa.

Mwanapangani
Allah awalipe. Nimeongea na kaka mkubwa, kikao ni Ijumaa baada ya swala, nami napanda basi Alhamisi alfajiri. Dalali nimemwambia asubiri. Kaka atapima kwa futikamba kutoka barazani hadi maji ya bamvu (maji makuu) yanapofikia. Mama Tongoni, hilo la kipande cha kaburi nitalisema mimi mwenyewe, kabla bei haijatajwa.