Naomba ushauri: kuhamisha stoo na madeni kutoka Access 2016

Assalaam aleikum ndugu zangu. Nasimamia hesabu za duka la jumla la vifaa vya ujenzi hapa Chake Chake, ambalo stoo yake, madeni ya wateja na hati za kutolea mzigo vyote vinaendeshwa kwa faili moja la Access 2016 (programu ya Microsoft ya kutunzia data) ndani ya Windows 10. Microsoft iliacha kuzihudumia zote mbili tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta zetu hazina chipu ya usalama ya TPM 2.0 inayotakiwa na Windows 11.

Data zenyewe hazinitishi, kwani majedwali yanaweza kuhamishiwa hifadhidata ya MariaDB na fomu za Access zikaendelea kuyasoma kwa kiunganishi cha ODBC. Kinachonikosesha usingizi ni utaratibu wa kazi uliomo ndani ya msimbo wa VBA (lugha ya kuandikia programu ndani ya Access): karani anapoingiza mifuko ya saruji iliyoshushwa bandari ya Mkoani, mfumo hugawa nauli ya gari kwa kila mfuko, hupanga bei mpya, kisha humzuia mteja aliyepita kiwango chake cha deni. Aliyeuandika ameshahama, wala hakuacha maelezo.

Mfumo wa mtandaoni nauona hautufai, maana intaneti ikikatika mchana, gari la mteja litakwama mlangoni. Ningependelea seva ya hapahapa dukani yenye betri.

Je, aliyewahi kuifanya kazi hii alianza na madeni au stoo? Na mifumo miwili ikienda sambamba, mlihakikishaje kwamba karani haandiki upande mmoja tu?