Mama wa mwanafunzi amenikataza kumkabidhi mtoto kwa baba yake: naomba ushauri

Mwalimu_Awali aliandika:
Wanajamvi, habari za jioni. Ninafundisha darasa la awali katika shule moja ya binafsi hapa Masasi. Nina mtoto wa miaka mitano ambaye wazazi wake wametengana. Wiki mbili zilizopita mama yake alinijia asubuhi, kabla watoto hawajapanga mstari, akaniambia kwamba kuanzia siku hiyo baba asimchukue mtoto kwa namna yoyote, bali atakuja mjomba. Jumatano moja ya mwezi huu wa Mei baba akafika, anatoka Tandahimba kwenye korosho, na mkononi ana viatu vipya alivyonunua kwa fedha za mauzo. Sikumfungulia. Akavipitisha chini ya geti, mtoto akaketi mchangani akavivaa mwenyewe, cha kulia mguu wa kushoto, akamnyooshea baba yake miguu avione. Kesho yake mama alivirudisha vimefungwa kwenye gazeti, akasema nimrudishie baba. Viko kabatini kwangu, pamoja na chaki. Je, mwalimu amsikilize mzazi yupi?

MjombaWaNewala alijibu:
Mwalimu, hilo kwetu halina mjadala. Kwa Wamakonde na Wamakua mtoto ni wa upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye kauli. Mimi nimelea wapwa wanne, nikawapeleka jando na shule kwa mkono huu huu, na baba zao nilikuwa nawaona kwenye harusi tu.

MamaWawili_Lindi alijibu:
Dada, usifungue hilo geti. Mwanangu wa kwanza aliwahi kuchukuliwa chekechea na mtu aliyejitambulisha kuwa baba yake mdogo, tukahangaika mpaka saa mbili usiku, tukamkuta kwa bibi yake mzaa baba anakula mihogo. Mwalimu wake alilia kuliko mimi. Vijana wa siku hizi mnaoana kwa pupa na kuachana kwa pupa, halafu walimu ndio wanaobebeshwa.

UstawiMstaafu alijibu:
Mwalimu, neno la mama si amri ya mahakama. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inachukulia kwamba mtoto aliye chini ya miaka saba ni heri awe na mama yake, lakini dhana hiyo inaweza kupingwa, na anayeamua ni mahakama, si mwalimu aliyesimama getini. Ikiwa kuna hofu kwamba mtoto atadhuriwa, hapo mambo hubadilika: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka yeyote katika jamii mwenye taarifa za kukiukwa kwa haki za mtoto azifikishe kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo lake, na ipo pia simu ya bure namba 116. Je, mama alikupa sababu? Fomu ya kujiunga ina majina ya nani? Mwalimu mkuu anajua? Nawe una uhusiano gani na mama huyo?

Mwalimu_Awali alijibu:
Sababu hakunipa, nami sikumwuliza, kwa kuwa mambo ya ndoa ya mtu siwezi kuyachokonoa. Fomu ilisainiwa na wote wawili, ila jina la baba nimekwisha kulikata kwa kalamu nyekundu. Mwalimu mkuu sijamwambia kwa sababu ana mambo mengi. Kuhusu uhusiano wangu na mama, sioni linaingiaje hapa.

UstawiMstaafu alijibu:
Linaingia, mwalimu. Tafadhali jibu.

Mwalimu_Awali alijibu:
Tuko kikoba kimoja. Alinidhamini mkopo wa shilingi 300,000, nimebakiza nusu. Lakini hata asingenidhamini ningefanya vilevile, maana yeye ndiye anayelipa ada na kuhudhuria vikao vya wazazi.

MjombaWaNewala alijibu:
Kumbe baba wa watu amefungiwa geti kwa marejesho ya kikoba! Narudisha nusu ya maneno yangu.

SalfaNaPalizi alijibu:
Samahani, mimi nina shaka na uzi wote. Minada ya korosho huanza Oktoba, na ikifika Mei mkulima wa Tandahimba anafikiria palizi na atapata wapi salfa ya kupulizia, hana fedha za mauzo mfukoni. Huyu baba aliuza korosho za nani? Naona tunasimuliwa hadithi, na mwandishi wake hajawahi kuokota korosho.

Mwalimu_Awali alijibu:
Si hadithi. Nilibadilisha mwezi, na hata mji, ili familia isijulikane.

UstawiMstaafu alijibu:
Hukuificha. Mzazi yeyote wa darasa lako akisoma habari ya geti na vile viatu atamjua mtoto, na siri hiyo hukuwa na ruhusa ya kuitoa. Kesho mweleze mwalimu mkuu kila kitu kwa maandishi, kikoba kikiwemo, na uwekwe kando katika suala hili. Jina la baba lirudishwe kwenye fomu, na wazazi waitwe kila mmoja kwa wakati wake, mama aulizwe anachokiogopa. Akitaja kipigo au tishio, shule impeleke kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri siku hiyo hiyo, na mtoto asitoke na baba mpaka watu wa ustawi waseme.

Mwalimu_Awali alijibu:
Barua nimeiandika usiku huu, ila sentensi ya kikoba nimeifuta mara mbili. Na vile viatu?

MamaWawili_Lindi alijibu:
Viatu ni vya mtoto, dada. Mvalishe, na umwonyeshe cha kulia ni kipi.