Mzee wa miaka 78 na baridi yabisi: abaki na prednisoloni au aanze dawa za kibayolojia?

Kitindamimba: Habari zenu wakuu. Mama ana baridi yabisi ya miaka mingi. Metotreksati ilisimamishwa kwa ajili ya figo, sasa yuko kwenye prednisoloni tu, ile steroidi ya kutuliza uvimbe. Vidole bado vimevimba na sukari imeanza kupanda. Daktari ametutajia dawa za kibayolojia, yaani protini za sindano au dripu zinazotuliza kinga ya mwili: etanesepti, abatasepti na rituksimabu. Ndugu wanasema umri umekwenda, tusimtese. Mnaonaje?

MuuguziMstaafu: Pole kwa kuuguza, mwanangu. Umri peke yake si sababu ya kumnyima. Inaniuma kuona wazee wanavyoachwa na prednisoloni miaka nenda rudi kwa sababu imezoeleka, kumbe inakula mifupa, inapandisha sukari na presha, inaleta mtoto wa jicho na kukaribisha maambukizi. Hatari za sindano zipimwe dhidi ya hizo.

Mfamasia_B: Kweli kabisa. Tena dawa hizi ni protini, hazitegemei figo kama metotreksati. Kwa mzee mimi huangalia sana dawa inakaa mwilini muda gani. Etanesepti hupungua kwa nusu katika siku 4 hivi, kwa hiyo akishikwa na nimonia ikasimamishwa, haikawii kuisha. Rituksimabu ikishaingia kwa dripu, seli B, zile za kinga zinazotengeneza kingamwili, hupotea kwa miezi 6 au zaidi, na huwezi kuirudisha. Moyo wake ukoje? Moyo ukishindwa kusukuma damu, etanesepti na wenzake wanaozuia TNF, protini ya mwili inayochochea uvimbe, hawafai.

Kitindamimba: Moyo mzima. Mapafu ndiyo yana ule ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa.

Mfamasia_B: Basi mkumbusheni daktari. Abatasepti inahitaji tahadhari kwa mapafu ya hivyo.

Baba_Yuko_Salama: Vipi vidonge vya tofasitinibu? Mzee wangu anaogopa sindano.

Mfamasia_B: Hivyo si vya kibayolojia, ndugu. Ulaya, mwenye miaka 65 na zaidi hupewa pale tu penye kukosekana mbadala unaofaa, kwa sababu ya moyo, damu kuganda na saratani.

MuuguziMstaafu: Yoyote mtakayochagua, apimwe kwanza TB iliyojificha na homa ya ini B. Chanjo za mafua, nimonia na mkanda wa jeshi zitangulie, hasa kabla ya rituksimabu.

Kitindamimba: Asanteni sana. Akianza sindano, prednisoloni tunaiacha siku hiyohiyo?

MuuguziMstaafu: Hapana! Ikikatwa ghafla anaweza kuzimia, presha ikashuka vibaya. Daktari ataipunguza kidogo kidogo.