Fremu ya Barabara ya 12

Kikundi: NYUMBA YA BIBI, NGAMIANI

Alhamisi

Kaka (Dar), 20:14: Assalaam aleikum wote. Baba mkubwa shikamoo, shangazi shikamoo. Nina jambo la nyumba. Dalali kanipigia leo mara tatu. Kuna kampuni ya kuku wa kukaanga, ina matawi hapa Dar na mikoani, inatafuta fremu Ngamiani. Ya kwetu wameipenda kwa kuwa iko kwenye kona. Wanatoa laki sita kwa mwezi, mwaka mzima mkononi.

Baba Mkubwa, 20:21: Waaleikum salaam. Marahaba baba. Laki sita fremu moja au zote mbili?

Kaka (Dar), 20:22: Zote mbili na baraza. Wanataka kubomoa ukuta wa katikati waweke kioo mbele. Dalali anasema kwa bomba la mafuta la Chongoleani na kazi za bandari, Tanga imeanza kutazamwa.

Shangazi (Pangani), 20:30: Na Mama Vitumbua?

Kaka (Dar), 20:33: Shangazi, huyo anatupa elfu sitini kwa fremu moja na baraza, na mwezi wa tano hakutoa kitu. Bati la Bibi linavuja mpaka ukuta wa chumba cha uani umeota ukungu. Milioni saba na laki mbili tunaezeka nyumba nzima na chenji inabaki.

Mimi, 20:41: Kaka, bati nalijua, mimi ndiye ninayelala chini yake. Ila naomba tusilipitishe usiku huu huu. Nitaandika asubuhi.

Ijumaa

Mimi, 05:52: [Picha]

Mimi, 05:58: Hii nimepiga sasa hivi dirishani. Anawasha moto saa tisa na nusu usiku. Mchele aliuroweka jana alasiri, akausaga na tui na iliki, akatia hamira, ukaumuka ndoo nzima. Chuma chake kina mashimo saba. Kila shimo mafuta kijiko kimoja, anamimina, anangoja ukingo uanze kuiva, halafu anapenyeza kijiti pembeni na kukigeuza mara moja tu. Nilimuuliza kwa nini mara moja. Akaniambia kikigeuzwa mara mbili kinakunywa mafuta. Wa kwanza kwenye foleni leo ni wachukuzi wa sokoni, kisha watoto wa Usagara na mabegi yao. Yule mzee wa msikitini mwenye kisukari ana kibakuli chake cha bati, anakaangiwa vyake kabla sukari haijatiwa kwenye unga. Hamwambii. Anakuta tayari.

Shangazi (Pangani), 06:10: Mungu ambariki. Na mbaazi zipo?

Mimi, 06:11: Zipo shangazi, tui zito, na mahamri.

Kaka (Dar), 07:25: Yote hayo nayapenda na nimekulia hapo. Lakini watu wa leo wanataka mahali pa kukaa. Kiti, feni, choo, bei imeandikwa ukutani, risiti. Nikija na watoto wangu Tanga wananiuliza tunakula wapi, nakosa jibu.

Mdogo (Dodoma), 07:40: Kaka ana hoja. Mama Vitumbua hana bomba, anaosha vyombo kwenye ndoo mbili. Kikizuka kipindupindu, wa kwanza kufungiwa ni yeye.

Mimi, 07:44: Hilo ni kweli na silitetei. Ila bomba ni letu sisi wenye nyumba kulivuta, na hatujalivuta.

Dada (Columbus), 09:37: Shikamooni. Huku ni usiku, ndiyo kwanza natoka zamu. Nimesoma yote. Kaka, hiyo migahawa ya matawi huku ndiyo inayofungwa. Red Lobster mnaijua? Mgahawa wa samaki, ulianzia Lakeland, Florida, mwaka 1968. Mei 2024 ulikwenda mahakamani kuomba kinga ya mufilisi. TGI Fridays, waliofungua New York mwaka 1965, wakafuata Novemba mwaka huo huo.

Kaka (Dar), 09:40: Si ile ya kamba wa kula mpaka ushibe?

Dada (Columbus), 09:49: Ndiyo hiyo. Waliweka kamba bila kikomo kwa dola 20, wakapata hasara ya dola milioni 11. Watu wengi wanakumbuka kamba tu. Kidonda kikubwa zaidi kilikuwa kodi. Mwaka 2014 kampuni ya uwekezaji iliununua kwa dola bilioni 2.1, na papo hapo ikauza viwanja na majengo ya migahawa kwa dola bilioni 1.5. Kuanzia hapo mgahawa ukawa mpangaji kwenye nyumba zilizokuwa zake. Mauzo yalipopungua, kodi haikupungua. Naomba baba mkubwa alisome hilo mara mbili, kwa sababu sisi hapa tunazungumzia kodi.

Dada (Columbus), 09:55: Mimi mwenyewe kuna mmoja pembeni ya barabara kuu nilikuwa nawapeleka watoto kila mshahara ukitoka. Nyama ikawa inapungua na bei inapanda. Mhudumu tuliyemzoea akaondoka, wakaweka kioo mezani cha kuagizia. Siku hizi tunakwenda kwa Wasomali. Wali, nyama ya mbuzi, na ndizi mbivu pembeni ya sahani. Mwenye mgahawa akituona mlangoni anasema watu wa Tanga wamefika, anatuongezea mchuzi. Watoto wangu, waliozaliwa huku, wenyewe ndio wanaoomba kwenda.

Kaka (Dar), 10:02: Hiyo ni Marekani, wamechoka navyo. Huku ndiyo kwanza vinaingia. Kenya KFC ipo tangu 2011 na watu wanajaa.

Binamu (Deep Sea), 10:15: Kaka umeitaja Kenya mwenyewe. Unakumbuka Januari 2022? KFC Kenya walikosa chipsi. Viazi vya Nyandarua vimejaa, wao chipsi zao zilikuwa zinatoka Misri na meli zimechelewa. Sheria yao ni kwamba muuzaji lazima apitishwe kwanza na kampuni. Wakulima walikasirika, na mitandaoni watu wakasema wasusiwe. Sasa fikiria jambo hilo hapa kwetu, na viazi vya Lushoto viko hapo juu mlimani.

Mdogo (Dodoma), 10:19: Na Uingereza, Februari 2018, KFC hao hao walifunga mamia ya migahawa kwa kukosa kuku. Walikuwa wamebadilisha msafirishaji tu.

Binamu (Deep Sea), 10:31: Ngojeni niseme ninalolijua mimi, maana mimi ndiye ninayemuuzia pweza. Maji ya bamvu bahari ikikupwa mbali, pweza wapo, nampelekea kilo nane, hata kumi, jioni ana supu. Maji mafu pweza hawapo. Siku hizo anapika dagaa wa nazi, au vibua nikivipata. Hajawahi kuniambia kwa nini hukuleta, anauliza tu bahari imetoa nini leo. Na wateja wake wamezoea, wanafika wanachungulia sufuria kwanza. Hata wale vijana wa Chongoleani wakija mjini wananipigia mimi, eti leo maji yakoje. Huyo wa kuku atanunua nini kwangu? Au kwa mwenye nazi wa Mkinga?

Kaka (Dar), 10:33: Ngoja nimuulize dalali.

Kaka (Dar), 11:20: Nimeuliza. Kuku wanatoka Dar wamegandishwa. Unga na viungo vinatoka makao makuu kwenye mifuko. Mwenye tawi analipa ada ya kuingia, halafu asilimia ya mauzo, na haruhusiwi kubadilisha chochote kwenye orodha ya vyakula. Wataajiri vijana kumi hapo Tanga. Hilo msilidharau.

Mimi, 11:26: Hatulidharau. Mama Vitumbua ana wanne. Kumi ni wengi kuliko wanne.

Mimi, 11:34: Lakini mwaka ukiisha na wakaona hesabu hazilipi, anayeamua kufunga hayupo Tanga. Watatuachia kioo na ukuta uliobomolewa. Mwaka ule wa mvua, maji yalipoingia mpaka barazani, Mama Vitumbua alipika kwa jiko la mkaa juu ya meza siku nne, na mtaa mzima ulikula kwa daftari. Mimi jina langu lilikuwemo. Nililipa baada ya wiki tatu, hakunikumbusha.

Shangazi (Pangani), 11:40: Na msiba wa baba yenu nani alipika uji wa watu wa matanga?

Kaka (Dar), 11:52: Shangazi hilo sijalisahau.

Kaka (Dar), 12:01: Na niseme kweli. Mwezi uliopita niliwapeleka watoto kwenye mgahawa wa aina hiyo hapa Dar. Watu watano, elfu tisini na mbili. Chipsi zilikuja za baridi. Kijana wa kaunta nikamwomba anibadilishie, akasema hana ruhusa mpaka msimamizi aje, na msimamizi yuko tawi jingine. Si kosa lake yule kijana, alikuwa mpole sana. Nilimwonea huruma. Ila hilo haliezeki nyumba ya Bibi. Tunakwenda swala, tutaendelea.

Baba Mkubwa, 14:16: [Ujumbe wa sauti, 3:08]

Mdogo (Dodoma), 14:20: Baba mkubwa niko maktaba, siwezi kusikiliza. Kuna anayeweza kuandika?

Mimi, 14:33: Nimeandika kama alivyosema:

"Wanangu, fremu hizo mbili hamzijui zilivyojengwa. Baba yetu aliacha nyumba ya vyumba vinne na baraza tupu. Mama yangu ndiye aliyejenga fremu, tofali baada ya tofali, kwa pesa ya mikate ya kumimina na vitumbua alivyouza hapo hapo barazani. Miaka ile baada ya vita vya Kagera sukari ikawa ya foleni, siku nyingine haipo kabisa. Mama akaponda ndizi mbivu akatia kwenye unga wa mchele. Watu walivipenda vile vya ndizi kiasi kwamba sukari iliporudi bado walikuwa wanaviulizia. Angekuwa na mtu juu yake wa kumwambia orodha haibadilishwi, tungelala njaa. Sasa mimi sikatai pesa. Nina miaka sabini na nne na sitaki nyumba ya mama ianguke nikiwa hai. Lakini mpangaji ahojiwe kabla ya kuondolewa. Kuna mtu amemuuliza yeye anaweza nini?"

Kaka (Dar), 14:41: Hapana, baba mkubwa. Hilo ni kosa langu.

Mimi, 14:42: Nashuka nikamuulize.

Mimi, 15:50: Nimerudi. Nimekaa naye huku anachambua mbaazi za kesho. Habari za dalali alikuwa anazo tangu Jumanne, dalali alikuja kupima baraza kwa futi mbele yake. Hakutuambia kwa sababu aliona tumeshaamua. Mwezi wa tano mwanawe alilazwa Bombo, ndiyo maana kodi ilikwama. Anasema hivi: tukimpa na fremu ya pili, ile tuliyoifanya stoo, aweke mabenchi na feni, atatoa laki moja na ishirini kwa mwezi. Miezi sita atalipa kwa mkupuo, kikoba chao kinavunjwa mwisho wa mwezi huu. Hiyo ni laki saba na ishirini.

Mimi, 15:53: Sifichi hesabu. Tofauti na ile ya kampuni ni laki nne na themanini kila mwezi. Ni pesa nyingi na zinatuhusu sote, mimi wa kwanza. Mimi bado nachagua yeye. Laki sita akitozwa mtu wa vitumbua, atapandisha kitumbua mpaka mchukuzi asikinunue, au atapunguza tui. Chakula cha Mama Vitumbua kiko vile kwa sababu kodi yake iko vile. Tukigusa moja tumegusa jingine.

Dada (Columbus), 16:05: Mimi natoa bati za chumba cha uani na cha Bibi. Nitatuma tarehe tano.

Binamu (Deep Sea), 16:08: Fundi wa kuezeka ni jirani yangu, mbao nitasimamia.

Mdogo (Dodoma), 16:10: Na bomba? Lile la usafi nililosema asubuhi tusilipuuze.

Kaka (Dar), 16:24: Nikubali kwa masharti. Moja, bomba na karo la kuoshea vyombo, mimi nalipia. Pili, mkataba wa maandishi, miaka miwili, na kodi itazamwe upya kila mwaka. Tatu, aandike bei ukutani, mgeni asione haya kuuliza. Baba mkubwa akiridhia, mimi nampigia dalali leo namwambia haiwezekani.

Shangazi (Pangani), 16:27: Baba yangu, umesema maneno ya mtu mzima. Mimi naridhia.

Baba Mkubwa, 16:39: Nimeridhia. Mkataba niandikieni nisaini Jumapili, na yeye aje na shahidi wake. Ile stoo ina mashine ya cherehani ya mama, isitolewe nje mpaka nifike mwenyewe.

Mimi, 16:41: Sawa baba mkubwa. Haiguswi.

Kaka (Dar), 16:58: Nimeshampigia dalali. Kanuna kidogo, amekubali. Fundi bomba aje kesho saa tatu asubuhi, nani ana namba ya yule aliyevuta maji kwa shangazi?

Shangazi (Pangani), 17:02: Ninayo. Nakuja na basi la asubuhi, nitafika naye. Mwambieni Mama Vitumbua aniwekee vya shilingi elfu mbili, vya pembeni mwa chuma, vile vilivyoungua kidogo.