Joto la bati: rangi nyeupe, foili, dari au AC?

MamaWatatu, Kigamboni
Habari zenu jamani. Nyumba yangu ni ya tofali za saruji, bati la maruni, dari ipo sebuleni tu. Tangu Desemba watoto hawapati usingizi mpaka saa sita usiku. Hela niliyo nayo inatosha jambo moja: kupaka bati rangi nyeupe, kuweka foili (karatasi inayong'aa ya kuzuia joto) chini ya bati, kufunga dari chumba chao, au kununua AC. Nianze na lipi?

FundiKenchi
Dada, kabla sijajibu: joto linawasumbua saa ngapi? Bati hupata moto upesi na kupoa upesi, jua likizama tu limeanza kupoa. Tofali ndilo linalotunza joto. Kama mchana hapakaliki, tatizo liko juu. Kama ni usiku, shika kuta.

MamaWatatu
Yote mawili. Saa nane mchana hata kukaa mle huwezi. Na jana saa nne usiku nilishika ukuta wa magharibi, ulikuwa bado wa moto. Ule wa kusini ulikuwa umepoa kabisa.

Pwani_Kwetu
Mimi napigia kura rangi nyeupe. Dar mwanzoni mwa Machi, na tena Oktoba, jua la saa sita linapita juu ya utosi, kwa hiyo paa ndilo linalobeba mzigo mkubwa. Bati jeupe hurudisha jua kabla halijawa joto, na kazi ni ya siku mbili. Lioshe kwanza, maana rangi juu ya vumbi hubanduka. Na kama unakinga maji ya mvua, ulizia rangi isiyodhuru maji.

Umeme_na_Luku
AC iwe ya mwisho, nakuomba. Ya BTU 12,000 isiyo ya inveta (yaani isiyoweza kupunguza kasi ya kompresa) hula karibu uniti moja kila saa kompresa inapofanya kazi, na kwenye chumba kisicho na dari haitapumzika. Utakuwa unapoza bati. Pangaboi la wati 75 uniti moja linakaa nayo saa 13.

FundiKenchi
Rangi siipingi, ila vumbi na ukungu huipunguzia weupe, utaosha na kurudia. Kwa kuwa chumba hakina dari, sasa ndio wakati wa foili. Dari ikishafungwa, kuingia tena juu ni kubomoa. Mafundi wengi hapa wanakosea: wanailaza foili ikigusa bati, joto linapita moja kwa moja. Lazima pabaki nafasi ya hewa, na upande unaong'aa utazame chini ili usishike vumbi. Halafu juu ya dari acha matundu ya hewa pande mbili, uyafunge kwa wavu popo wasiingie. Dari bila matundu ni kufungia joto ndani.

BintiUnguja
Na ukuta jamani! Nyumba za Mji Mkongwe zina kuta nene za mawe na chokaa, na vichochoro vyembamba vinavyotiliana kivuli. Hatuwezi kujenga hivyo leo, lakini kivuli tunaweza. Upande wa magharibi panda mti, au weka turubai mbali kidogo na ukuta, hewa ipite katikati.

Njombe_Baridi
Huku kwetu Juni na Julai tunahangaika na kinyume chake, maji ya bombani yanauma vidole. Dari ndiyo iliyotusaidia, pamoja na kuziba nyufa za milango kwa vitambaa. Matundu ya hewa hatukuyaziba, tunawasha mkaa.

FundiKenchi
Ndugu wa Njombe, tafadhali sana: jiko la mkaa lisilale ndani, hata kama matundu yapo wazi. Gesi ya mkaa inayoua haina harufu.

MamaWatatu
Asanteni sana. Nimeamua chumba cha watoto peke yake: foili, kisha dari yenye matundu. Turubai ninalo tangu ujenzi, kesho nalifunga upande wa magharibi. FundiKenchi, nafasi ya hewa kati ya foili na bati iwe kiasi gani?

FundiKenchi
Usishuke chini ya inchi moja. Mwambie fundi aifunge chini ya mbao za kenchi (fremu inayobeba bati), asiikaze kama ngoma.